Tupeane uzoefu: maktaba ya shule yenu, nani ana ufunguo? (Arusha na Moshi)

Mwalimu wa Kibosho (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Ninafundisha sekondari huku Kilimanjaro, na muhula huu nimekabidhiwa maktaba ya shule. Kabla sijashika brashi ya rangi nimeona nije nisikie wenzangu wa Moshi na Arusha.

Shule nyingi za ukanda wetu zina chumba chenye kibao MAKTABA juu ya mlango. Ukisukuma, umefungwa. Ukiuliza, ufunguo anao mtaaluma. Mtaaluma yuko darasani. Akitoka, kengele ya mwisho imeshalia na wanafunzi wa kutwa wako barabarani wanawahi magari.

Nataka tuseme wazi sababu yake, maana nimeiona shule baada ya shule: ni hofu. Kitabu ni mali ya serikali, kimeandikwa kwenye leja, kikipotea aliyekabidhiwa ndiye anayeandika maelezo na pengine kulipa. Kikikaa stoo miaka kumi bila kuguswa, hakuna anayemwuliza mtu swali. Kwa hiyo mwalimu mwenye akili timamu anafungia. Nimewahi kuingia stoo nikakuta vitabu bado viko ndani ya maboksi ya mchapaji, na darasa la jirani watoto watano wanainamia kitabu kimoja. Iliniuma sana.

Naomba mnieleze: nani alikuwa anafungua maktaba yenu, mlisoma nini humo, na kitu gani kiliiua au kiliifanya idumu. Waliosoma zamani, walimu, wazazi, wakutubi, wote karibuni.

Mzee wa Marangu

Marahaba mwalimu. Mimi nimesoma miaka ya sabini, shule ya bweni. Aliyefungua alikuwa kiranja wa maktaba, mwanafunzi kama sisi, na alikuwa na heshima kuliko kiranja wa chakula.

Utaratibu ulikuwa huu. Nyuma ya jalada kila kitabu kilibandikwa mfuko mdogo wa karatasi, ndani yake kadi. Ukiazima unaandika jina na kidato kwenye kadi, kiranja anaiweka kwenye sanduku la mbao kwa mpangilio wa tarehe, halafu anagonga mhuri wa siku ya kurudisha kwenye karatasi iliyobaki kitabuni. Hakuna umeme unaohitajika hapo, hakuna komputa. Raha yake ni kwamba unaona nani wamekisoma kabla yako. Kuna kitabu cha safari za baharini nilikuta jina la kaka yangu aliyenitangulia, nikakimaliza kwa usiku mbili ili na mimi niandikwe chini yake.

Kilichoiua ni karatasi. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya mwanzoni mwa miaka ya themanini hata madaftari yalikuwa ya kutafuta. Vitabu vilivyochakaa havikuletewa vingine. Wadogo zetu waliotufuata walikuta rafu zina mapengo.

Mama wa Sakina

Mimi ni mzazi tu, si mwalimu. Mwanangu wa darasa la tatu shule yao ilipata vitabu vya msaada, vizuri kwa macho, jalada gumu, picha zinang'aa. Vyote Kiingereza, na mtoto anasoma shule ya Kiswahili. Kimoja kilikuwa cha watoto wanaojenga mtu kwa theluji. Akaniuliza, "Mama, hiyo ndiyo ile ya Kibo?" Nikamwambia ndiyo, angalau tukaanzia hapo, nikamsomea kwa kutafsiri kila ukurasa.

Nawashukuru waliotoa, lakini anayetoa aulize kwanza. Vitabu kumi vya Kiswahili vya saizi ya mtoto vingefanya kazi kubwa kuliko maboksi yale.

Mwalimu wa Kibosho

Dada, umegusa penyewe. Na vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa sababu hiyohiyo, kwamba mtoto wetu hakuwa na cha kusoma nje ya kitabu cha kiada. Wakawa wanashirikiana na waandishi na wachapaji wa hapahapa, na vitabu vinapelekwa mashuleni. Ukipata kisanduku cha namna hiyo darasa la pili, utaona watoto wanavyogombania.

Mkutubi mstaafu, Arusha mjini

Mwalimu, nakupongeza kwa kuuliza. Nimefanya kazi ya ukutubi hadi nimestaafu, naomba niseme mawili matatu.

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Maktaba ya mkoa Arusha na ile ya Moshi ziko chini ya bodi hiyo. Walimu wengi wanadhani zile ni za watu wa mjini kusomea magazeti. Nenda pale, jitambulishe, mwambie mkutubi una chumba na vitabu na hujui uanzie wapi. Kushauri shule zinazoanzisha maktaba ni sehemu ya kazi yao. Na ukitaka mwalimu wako apate mafunzo kamili, chuo cha ukutubi cha bodi kiko Bagamoyo.

La pili, mpangilio. Usipange vitabu kwa urefu wala kwa rangi ya jalada, nimeyaona hayo. Tumia Dewey, mpango alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao hugawa maarifa kuanzia 000 hadi 999. Kwa shule huhitaji kuujua wote. Sayansi na hisabati 500, kilimo 630, michezo 796, ngano na hadithi za jadi 398, fasihi 800, jiografia na historia 900. Andika namba kwenye kipande cha karatasi nyeupe, bandika mgongoni mwa kitabu kwa kipimo kimoja kutoka chini, funika kwa selotepu pana. Mtoto akishajua kwamba mifugo na mazao viko 630, hatakuuliza tena, atakwenda mwenyewe. Shule ya msingi fanya rangi: kibandiko cha kijani ni wanyama na mimea, chekundu hadithi, basi.

La tatu, na hili nalisema kwa uchungu: toa vitabu vilivyokufa. Kitabu cha mtaala uliofutwa, chenye kurasa nusu, kinachokula nafasi, fuata taratibu za kukiondoa kwenye leja. Rafu iliyojaa takataka inamfundisha mtoto kwamba kusoma ni adhabu.

Kijana wa Ngaramtoni

Kwa heshima zote wakuu, hivi bado tunahitaji vyumba vya vitabu? Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada viko humo bure. Simu ipo.

Mwalimu wa Kibosho

Simu ya nani, mdogo wangu? Mwanafunzi wa shule ya serikali akikutwa na simu shuleni ni kosa. Nyumbani simu ni moja, ya baba, na baba yuko nayo kijiweni. Bando nalo ni la kuhesabu. Maktaba mtandao ya TET naitumia na naipenda, inanisaidia mimi kuandaa somo. Kwa mtoto wa Kibosho juu kule inakuwa mali ya mwalimu mpaka pawe na chumba, vifaa na mtu.

Mwalimu wa TEHAMA, Usa River

Kijana na mwalimu wote mna hoja, mnaweza kukutana katikati. Sisi tumetumia programu inaitwa Kolibri. Ni ya bure, na faida yake haihitaji intaneti ikishapakuliwa. Unashusha masomo, video na mazoezi mara moja ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri, unayaweka kwenye komputa moja, na zile nyingine zinayachota kutoka kwake ndani ya chumba. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha wakapewa walimu navyo vinaingia humohumo.

Tumeviweka ndani ya maktaba, si kwenye chumba cha komputa, kwa makusudi. Mtoto anatazama video ya moyo unavyosukuma damu, halafu rafu ya 600 iko nyuma yake, anavuta kitabu cha mwili wa binadamu. Vikiwa vyumba viwili tofauti hafanyi hivyo.

Mwanafunzi wa ukutubi (nyumbani Uru)

Hicho unachosema mwalimu wa Usa River, Marekani walikifikia kwa njia ndefu, tumekisoma darasani. Miaka ya hamsini shule nyingi za msingi za kwao hazikuwa na maktaba. Mwaka 1957 Urusi ikarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, Wamarekani wakashtuka kwamba wameachwa kwenye sayansi. Sheria ya 1958 ikatoa fedha za vifaa vya kufundishia sayansi, hisabati na lugha, zikiwemo projekta na filamu. Mwaka 1965, chini ya Rais Lyndon Johnson, ikaja sheria nyingine yenye fungu la vitabu vya maktaba za shule moja kwa moja. Mwaka 1969 chama cha wakutubi wa shule na kile cha wataalamu wa picha na sauti wakakaa pamoja, wakatoa viwango vya kuweka vitabu, filamu, rekodi na mashine chini ya paa moja na msimamizi mmoja.

Kilichonigusa ni kwamba kabla ya hizo fedha kubwa kulikuwa na mradi mmoja, kuanzia 1963, uliofadhiliwa na mfuko wa Knapp. Walichukua shule chache tu wakazifanya maktaba kamili zenye watumishi, halafu wakaalika walimu na wakuu kutoka kwingine waje waone. Ukiona kwa macho ndipo unarudi kwenu kudai.

Mwalimu wa Himo

Nilikuwa nasoma kimyakimya, sasa nachangia, mniwie radhi itakuwa ndefu.

Shule yetu ni ya kata, imejengwa kwa nguvu za wananchi kama zilivyojengwa nyingi kipindi kile. Maktaba haikuwepo. Kulikuwa na vitabu stoo, chini ya majembe na viti vibovu. Mwalimu wa Kibosho amesema kweli juu ya hofu. Sisi tulianzia hapo kwenye hofu, hatukuanzia kwenye rafu. Tulimwendea mkuu wa shule, mama mmoja mwelewa sana, tukamwambia hakuna mwalimu atakayefungua mpaka yeye aseme kwa maandishi kwamba kitabu kikichakaa au kikipotea katika matumizi ya kawaida, mwalimu hatakatwa mshahara. Akalipeleka kwenye kikao cha bodi ya shule, likaingia kwenye muhtasari. Siku hiyo ndipo maktaba ilipozaliwa, hata kabla ya kuwa na chumba.

Baada ya hapo tulifanya hivi. Kila mkondo wa kidato cha kwanza ulipewa sanduku la mbao lenye vitabu vyembamba, na wanafunzi wawili wa kulitunza, msichana na mvulana. Linafunguliwa mapumziko ya saa nne na baada ya vipindi. Jumamosi sanduku la A linakwenda B, la B linakwenda C. Ukiwa na vitabu vichache, mzunguko huo unawafanya watoto wajione wana vingi.

Kwa nini kidato cha kwanza? Jamani, hapo ndipo watoto wetu wanapozama. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, miezi michache baadaye biolojia inakuja kwa Kiingereza. Anakariri asichokielewa. Kitabu cha hadithi chepesi cha kurasa thelathini, maneno machache, picha, kinamsaidia kuliko kamusi, maana anajua kisa kinakokwenda na lugha inamfuata. Nina binti aliyekuwa hainui kichwa darasani. Alianza na vile vya shule ya msingi kabisa, wenzake wakamcheka, sanduku likazunguka, akaendelea. Muhula wa pili alisimama kujibu swali la jiografia kwa sentensi yake mwenyewe, yenye makosa, lakini yake. Nilitoka nje kidogo.

Ratiba nayo ni muhimu. Kipindi cha maktaba kikiandikwa kwenye ratiba kubwa ya ofisini, mwalimu wa hisabati hakichukui kufidia. Kisipoandikwa, kitaliwa.

Vitabu vinapotea? Vinapotea. Vichache kuliko tulivyoogopa, na vingine vinarudi baada ya likizo vimekunjwa kwenye gazeti.

Mama wa Sakina

Mwalimu wa Himo, Mungu akubariki. Sisi wazazi tunaweza kushona mifuko ya kubebea vitabu, kwetu mafundi wapo na vitenge chakavu havikosi. Naweza kuanza na darasa la mwanangu.

Mwalimu wa Kibosho

Asanteni sana. Mwalimu wa Himo, nimekuja na maswali mawili ya haraka. Mchwa mmewafanyaje? Maana chumba nilichopewa kina njia zao ukutani. Na alama ya shule mnagonga wapi, isije ikachanwa?

Mwalimu wa Himo

Mchwa: rafu isiguse ukuta, iache nafasi ya kiganja. Miguu ya rafu tuliipaka oili chafu ya gereji mara kadhaa tukaiacha ikauke kabla ya kupanga kitu. Rafu ya chini usiweke vitabu, iache wazi ili uone njia ya udongo ikianza. Na fungua madirisha, hawapendi mwanga na hewa.

Mhuri: gonga ukurasa wa jina la kitabu, halafu chagua ukurasa mmoja wa ndani ambao utakuwa uleule kwa vitabu vyote. Sisi tulichagua wa 25, na kwa vile vyembamba sana wa 15. Uandike kwenye leja ya maktaba, ajue mwalimu anayekuja baada yako. Mtu akichana ule wa mbele, kitabu kikikutwa kokote, unafungua pale.