Naomba ushauri: leseni ya kingamwili ya NIH kwa vitendanishi vya seli T

Kitendanishi_Kwetu: Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu ndogo inataka kingamwili ya panya inayoshika seli T za binadamu (aina ya chembe nyeupe za damu), iliyotengenezwa katika maabara ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya), Marekani. Tutaiunganisha na FITC, rangi inayong'aa, na kuwauzia watafiti, kisha baadaye iingie kwenye kipimo cha hospitali. Haina hataza. Leseni bado inahitajika? Tuombe ya kipekee?

Haibridoma_Dar: Inahitajika, mkuu. Pasipo hataza, unachopewa leseni ni seli zenyewe zinazoizalisha, yaani haibridoma. Leseni ya kipekee usihangaike nayo: hakuna kinachomzuia mwenzako kutengeneza kingamwili yake dhidi ya molekuli hiyohiyo. Na kama mlishapokea kichupa cha seli hizo kwa mkataba wa utafiti tu, msizalishie bidhaa. Mkataba huo hauruhusu biashara.

NIH ina taasisi nyingi ndani yake, mfano NCI (ya saratani) na NIAID (ya mzio na maambukizi), kwa hiyo anzeni na ofisi ya teknolojia inayohudumia taasisi alikofanyia kazi mgunduzi. Kwenye fomu, sehemu ya matumizi iandikeni kwa makini sana: kuuza kwa utafiti NA kupima wagonjwa. Mkiacha hilo la pili, kipimo kikiwa tayari mtarudi kujadiliana upya, na safari hiyo hamna nguvu mezani.

Mama_Mikataba: Kuna malipo ya kusaini, kima cha chini cha kila mwaka, na mrabaha wa asilimia ya mauzo halisi. Kinachowaumiza wadogo ni hicho cha kila mwaka, maana kinadaiwa hata usipouza chupa moja. Ombeni kikatwe kwenye mrabaha wa mwaka huohuo. Pia hakikisheni muuzaji wa rangi anaruhusu iuzwe tena ndani ya bidhaa yenu. Wengi huuza kwa matumizi ya utafiti pekee.

Kitendanishi_Kwetu: Asante sana, dada. Upande wa maabara tudai nini kabla ya kusaini?

Haibridoma_Dar: Aisotaipu (aina ya kingamwili, mfano IgG1), majibu ya kipimo cha mykoplasma (bakteria wanaochafua seli za maabara), na mfuatano wa jeni za VH na VL, yaani sehemu za kingamwili zinazoshika shabaha. Huo mfuatano ni muhimu kuliko vyote: haibridoma ikikuzwa muda mrefu baadhi ya seli huacha kuzalisha, kisha hukua haraka na kuzizidi zile nzuri, na bila mfuatano hamna pa kurudi. Kichupa kikifika, gandisheni akiba kwenye naitrojeni kimiminika mapema, kabla ya uzalishaji wowote.

Kabla ya kuunganisha, ondoeni azaidi (kihifadhi) na Tris (kemikali ya bafa) kwa dayalisisi, yaani kuchuja kwa utando; albumini ni protini kubwa, hiyo iondoeni kwa safu ya protini G. Rangi hushika amini (vikundi vya kemikali vyenye naitrojeni), na Tris na albumini zinazo tele, kwa hiyo zitainyang'anya kingamwili. Tumieni bafa (kimiminika cha kudhibiti pH) ya baikaboneti, pH 9 hivi, kingamwili angalau mg 1 kwa ml. Rangi msizidishe: molekuli zikisongamana huzimana mwanga, na kingamwili hupoteza mshiko.

Kila toleo lipimeni upya: anzieni µg 1 kwa seli milioni moja ndani ya µl 100, mpunguze nusu kwa nusu mara saba. Chagueni kiwango kinachotenganisha vizuri seli zilizoshikwa na zisizoshikwa, hata kama kingine kinang'aa zaidi.