Jack Regan au Silvagni: fulbeki wa karne ni nani?

Kipara wa Dandenong: Wakuu, mwaka 1996 ligi ya futiboli ya Australia, ule mchezo wa mpira wa yai unaodakwa kwa mikono, ilitangaza Timu ya Karne, yaani kikosi cha wachezaji bora wa karne. Nafasi ya fulbeki, beki wa mwisho anayelinda goli, wakampa Stephen Silvagni wa Carlton, mtu ambaye bado alikuwa anacheza, amekuja kustaafu 2001! Jack Regan wa Collingwood, aliyekaba washambuliaji hatari wa miaka ya 1930, akaachwa. Haki hii?

Chumvi Nyingi: Haki kabisa. Silvagni mechi 312. Huyo Regan ubingwa wa 1935 kapewa na lori.

Beki Tatu: Lori tena?

Chumvi Nyingi: Lile la mchanga lililomgonga Bob Pratt wa South Melbourne kabla ya fainali. Mtu wa mabao 150 msimu wa 1934 hayupo uwanjani, hapo hata mimi nakaba.

Kipara wa Dandenong: La matofali, si mchanga. Alhamisi anashuka kwenye tramu, Jumamosi fainali. Ila mada si lori, jamani.

Mama Shani: Semeni na 1936 basi. Fainali timu zile zile, Collingwood wakabeba tena. Safari hiyo South waligongwa na nini, baiskeli?

Chumvi Nyingi: Dada, sijasema hawakustahili. Nimesema walisaidiwa.

Mama Shani: Umeandika "kapewa na lori". Panda juu ukasome. Na mimi si dada yako, nina wajukuu.

Chumvi Nyingi: Shikamoo basi. Ila 1935 walishinda kwa pointi 20 tu. Bao ni pointi 6, Pratt angepiga manne kabla ya mapumziko.

Beki Tatu: Mbele ya Regan? Mabeki wenzake walikuwa wanapangua mpira kwa ngumi, yeye anaruka anaudaka mwenyewe, mshambuliaji anabaki kutazama soli za viatu.

Chumvi Nyingi: Ulimwona wapi wewe?

Beki Tatu: Na wewe lori uliliona wapi?

Bata Mzinga: Sisi wa Sydney, ndio hao South Melbourne waliohamishwa 1982, tunataka ubingwa wa 1935 uwekewe alama ya kuulizia.

Mama Shani: Wekeni hata kumi. Bendera ya ubingwa iko Collingwood.

Kipara wa Dandenong: Silvagni au Regan? Nimeuliza swali moja tu!

Chumvi Nyingi: Subiri kwanza. Dereva wa lori alikuwa shabiki wa timu gani?