Jiko la nje lenye kaunta ya mawe: graniti au marumaru, na chini yake kuwe na nini?

Mpishi wa Raskazone
Ndugu zangu, salaam. Ninakusudia kujenga mwenyewe jiko la nje nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, karibu kabisa na bahari. Kaunta itakuwa na urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60, yenye nafasi ya jiko la mkaa, jiko la gesi la pleti mbili na sinki dogo. Kazi ya matofali ninaiweza. Jiwe la juu ndilo linalonitia wasiwasi. Kuna muuzaji mwenye mabamba ya graniti na ya marumaru nyeupe, yote yana unene wa sentimita 2 na bei zake hazipishani sana. Mke wangu ameipenda ile nyeupe. Je, bamba hilo linaweza kulazwa moja kwa moja juu ya matofali, na ni jiwe lipi litakalostahimili jua, mvua na hewa ya chumvi?

Mwashi Muheza
Ndugu, usililaze juu ya matofali matupu. Graniti ya sentimita 2 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kaunta yako itakaribia kilo 100 kabla hujaweka hata sufuria, na jiwe jembamba hivyo likibaki na uwazi chini yake hupasuka siku mtu atakapoliegemea au kutwanga kitunguu saumu juu yake. Jenga nguzo za matofali, kisha mwaga zege la sentimita 10 lenye nondo za milimita 10, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukipewa bure, kwa sababu chumvi yake huila nondo kutoka ndani, na kutu inapovimba hulipasua zege. Limwagilie maji kwa siku 7 angalau, na mbao za chini uziache mpaka wiki mbili zitimie.

Zingatia pia mteremko. Upande wa mbele uwe chini kwa karibu sentimita 1 kuliko ule wa ukutani, na jiwe litokeze mbele ya zege kwa sentimita 3 hivi. Chini ya ukingo huo uliotokeza, muuzaji akuchongee kifereji chembamba kinachokwenda urefu wote wa kaunta. Maji ya mvua yakifika kwenye kifereji hicho hudondoka chini, badala ya kutambaa kurudi nyuma na kulowanisha ukuta. Ni kazi ndogo, lakini mafundi wengi huiacha, na ndiyo maana utaona plasta ya kaunta nyingi za nje imebanduka.

Binti Pangani
Kaka yangu, kuhusu rangi namwelewa sana wifi, lakini marumaru haifai kwa mapishi yetu ya pwani. Jiwe hilo lina asili ya chokaa, na ndimu, ukwaju au siki vikilidondokea hulila uso wake, likabaki na doa lililofifia ambalo sabuni haiwezi kuliondoa. Dawa ya kuzibia vinyweleo huzuia mafuta na manjano kupenya, lakini haizuii kuliwa na asidi. Mwombe muuzaji kipande kidogo cha kila jiwe, ukamulie ndimu juu yake na ukiache hadi asubuhi, kisha ukikaushe na ukitazame kwa kukiinamisha juani. Lipime hata lile unaloambiwa ni graniti. Kama wifi bado anaitaka nyeupe, mnunulieni kipande cha kusukumia chapati ndani ya nyumba. Ubaridi wake unafaa sana kwa unga.

Mzee wa Chumbageni
Naongezea kuhusu moto. Graniti huvumilia sufuria ya moto, lakini haipendi kupashwa mahali pamoja kwa muda mrefu huku pembeni ikiwa baridi. Kwa hiyo jiko la mkaa usiliweke juu ya jiwe. Lijengee kizimba chake cha matofali ya kuchoma mwishoni mwa kaunta, na uache mwanya kati yake na bamba. Tundu la sinki likatwe karakanani kwa mashine inayotumia maji, na pembe zake ziwe za mviringo, kwa kuwa nyufa huanzia kwenye pembe kali. Kulikata nyumbani kwa grinda kavu sikushauri kabisa, kwa sababu vumbi la graniti huharibu mapafu na madhara yake hayatibiki.

Mpishi wa Raskazone
Nawashukuru sana. Tumekubaliana kuchukua graniti. Limebaki swali moja: je, mtungi wa gesi unaweza kukaa ndani ya kabati chini ya kaunta?

Mzee wa Chumbageni
Unaweza, mradi kabati hilo liwe mbali na kizimba cha mkaa na lisiwe na uwazi wowote unaoelekea huko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, kwa hiyo acha matundu ya kupitisha hewa usawa wa sakafu, pande mbili zinazotazamana. Sakafu yake isiwe chini kuliko ardhi ya nje, la sivyo gesi itakosa pa kutokea.