Ziada juu ya bei ya kiwanda: biashara au ulanguzi?

MWENYE MADA, CHUMBAGENI

Wakubwa shikamooni. Nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, naliweka hapa tulipasue.

Mtoto wa dada yangu yuko Marekani, Ohio. Huyu kijana magari ni maradhi yake toka utotoni: wenzake wa Barabara ya 14 hapa Tanga wakicheza chandimu, yeye yuko kwa fundi anasikiliza injini inavyokohoa. Miaka minne amedunduliza anunue Toyota GR Corolla. Kwa wasioijua, kwa macho ni Corolla ya kwendea sokoni, ila ndani ina injini ya lita 1.6, silinda tatu na turbo, nguvu za farasi 300, na inasukuma magurudumu yote manne. Ilipoingia Marekani kama toleo la 2023, kiwanda kilitangaza bei ya kuanzia dola 35,900. Akampigia simu wakala anayeuza magari ya Toyota, akaambiwa lipo, njoo. Kaendesha saa tatu. Kufika, dirishani kwa gari kuna karatasi mbili. Ya kwanza ya kiwanda. Ya pili wameichapa wenyewe pale dukani, imeandikwa "marekebisho ya soko": dola 10,000.

Marekebisho! Kana kwamba soko lilivunjika mguu.

Ile karatasi ya kwanza ina historia. Ni sheria ya mwaka 1958, iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na Wamarekani hadi leo wanaiita kwa jina lake. Kila gari jipya lazima libandikwe bei ambayo kiwanda kinapendekeza. Lakini inapendekezwa tu, wakala halazimiki kuifuata. Na hapo ndipo penye mtego: majimbo mengi kule yana sheria zinazomkataza mtengenezaji mwenye mawakala kumuuzia mteja moja kwa moja. Kijana hawezi kwenda kugonga kwa Toyota akasema nipeni kwa bei mliyoitangaza. Mlango ni mmoja, na ufunguo anao wakala.

Mimi nasema huu ni ulanguzi. Na kinachoniuma si ile elfu kumi, ni ile simu. Nipingeni.

DALALI WA NGAMIANI

Kaka, salaam. Mimi ni dalali wa magari, kwa hiyo mshajua nimesimama upande gani, sina haja ya kujificha nyuma ya pazia.

Neno ulanguzi limekutoka haraka. Mlanguzi ni yule aliyeficha sukari stoo, watoto wa watu wakalala bila chai. Gari la farasi 300 nani kafa kwa kulikosa? Yule wakala kalinunua lile gari kutoka kiwandani, tena mara nyingi kwa mkopo unaokula riba kila siku linaposimama uwanjani. Yapo mengine yanamkalia miezi, mwisho anayatoa chini ya bei iliyobandikwa. Siku hizo ulileta mada hapa kumlilia?

Nikupe mfano wa nyumbani. Chungwa likijaa Muheza linaozea chini ya mti. Umewahi kumwona mtu wa mjini anamwongezea mkulima pesa kwa huruma, kwa kuwa bei imeanguka kupita haki? Hata wewe hujawahi. Sasa chungwa likiadimika, mkulima akapandisha, tunamwita mlanguzi. Mizani gani hiyo inayolala upande mmoja?

KONDA WA KANGE

Dalali ananifurahisha. Bwana, sisi wa mabasi tuna bei kikomo ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Desemba ikifika, watu wanarudi makwao, foleni mpaka nje ya geti la stendi, mahitaji hayo ndiyo yenyewe. Nikimtoza mama nauli ya juu kidogo, najibu mbele ya askari. Mafuta hivyo hivyo: Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo, na sisi wa Tanga tuna yetu kwa mafuta yanayoshukia bandari yetu. Mwenye sheli hawezi kubandika karatasi ya pili kwenye pampu.

Kwa nini konda abanwe na muuza magari aachwe?

DALALI WA NGAMIANI

Kwa sababu bila basi mtu hafiki kwenye msiba wa mamake, konda. Bila GR Corolla anafika kwa Corolla ya kawaida. Umejijibu mwenyewe.

DADA WA FORODHA

Hamjambo. Mnabishana Ohio, ngoja niwarudishe gatini, ndiyo kazi inayonilisha.

Hizi ziada hazibaki kule zilikozaliwa. Chukua mtu wa hapa anayetaka GR Yaris mpya, ambayo nayo ni lita 1.6. Aliyemuuzia nje kamwongezea dola 10,000 ndani ya ankara. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF, yaani gari pamoja na bima na nauli ya meli. Ziada ile imeshavuta 2,500. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000 ni asilimia 5, na unahesabiwa juu ya jumla hiyo: 625. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote: 2,362 na senti hamsini. Ile elfu kumi imefika 15,487 na nusu kabla ya tozo ndogo ndogo. Bei ya mlanguzi inazaa watoto bandarini.

Jingine. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, wanunuzi wa Japani waliombwa waweke sahihi kwamba hawataliuza gari ndani ya mwaka mmoja, maana Toyota walihofia litakimbizwa nje. Mwanzoni mwa 2022 kampuni yenyewe ilisema kulisubiri kunaweza kufika miaka minne. Nje huko ni wapi? Kwenye kiu ya Land Cruiser na sisi tumo. Mtu akiwa na gari mkononi na mwenzake ana miaka minne ya kungoja, hiyo nafasi tayari ni mali.

FUNDI WA MAKORORA

Viwanda navyo havikulala. Mwaka 2018 Dodge walitoa Challenger Demon, magari 3,300 tu, 3,000 ya Marekani na 300 ya Kanada. Wakawaambia mawakala: oda za atakayeuza kwa bei yetu au chini yake ndizo zitakazotangulia kuundwa. Hiyo naisifu, maana wamemshika wakala pale anapoumia, kwenye foleni ya kiwandani.

Wengine wamemgeukia mteja. Ford waliuza Ford GT kwa watu waliowachagua wenyewe, na kwenye mkataba kuna sharti usiliuze kabla ya miaka miwili. Mwanamieleka John Cena akaliuza mapema, wakampeleka mahakamani mwaka 2017, wakapatana mwaka uliofuata. General Motors nao mwaka 2022 walisema atakayeuza Corvette Z06 ndani ya mwaka mmoja, dhamana ya gari haitahamia kwa mnunuzi mpya.

Mnaona mchezo? Wakala analindwa na sheria za jimbo, hawamwezi. Kwa hiyo wanambana aliyekwisha kulipa. Mimi hapo ndipo nilipoacha kuwahurumia wenye viwanda. Gari langu, nimelilipia, unanipangia siku ya kuliuza!

MSTAAFU WA RELI

Wanangu, nimesoma yote na miwani yangu hii ya kuazima.

Neno ulanguzi msilichezee. Mimi mwaka 1983 nilikuwa kijana hapa hapa Tanga, marehemu Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipoanza ile vita ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa. Wengine kwa hofu walitupa bidhaa porini na baharini, mtu anaitupa khanga mpya ambayo mke wa jirani yake hajaiona miaka miwili. Wakati huo bei zilipangwa na Tume ya Bei. Kwa karatasi, sukari ilikuwa rahisi sana. Swali lilikuwa iko wapi. Unapanga mstari duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, toka alfajiri, unafika dirishani unaambiwa imekwisha, na huku pembeni anapita mtu hana hata jasho, kashika kimemo.

Vijana hamkijui kimemo. Ni kijikaratasi cha mkubwa: "Mpatie mleta barua hii kilo kumi." Basi. Hakuna ziada, bei ya serikali, risiti safi kabisa. Aliyelipia ziada ni yule aliyebaki kwenye mstari, alilipa kwa miguu yake.

Sasa mwenye mada, hilo gari lako la Ohio ukiondoa karatasi ya pili, magari yakawa matano na wateja hamsini, nani atapata? Atapata aliyesoma na wakala, au aliyekwisha kununua kwake magari manane. Mpwa wako mwenye gari lake la kwanza hataambiwa hata "njoo". Hiyo elfu kumi ilikuwa ya kifedhuli, sikatai. Lakini ndicho kimemo pekee ambacho mtoto wa Barabara ya 14 angeweza kukinunua.

MWENYE MADA

Mzee wangu, shikamoo kwa mikono miwili. Hilo la vimemo limenipiga, sikulifikiria.

Ila ipo njia ambayo si pesa wala kujuana. Hiyo hiyo GR Corolla, kwa Wajapani wenyewe, awamu ya kwanza ya magari 500 ya kawaida, na mengine 70 ya toleo maalumu liitwalo Morizo, waligawa kwa bahati nasibu. Unajiandikisha, jina likitoka unalipa bei iliyotangazwa. Lisipotoka, unarudi nyumbani na heshima yako.

Na narekebisha kauli. Dalali kasema kweli, bei ikipanda kwa sababu watu wanakitaka kitu si dhambi. Nabaki na mambo mawili. Moja ni mlango: ukitaka uhuru wa bei, mpe na mnunuzi uhuru wa kumfuata mwenye kiwanda. Huwezi kudai soko huria kwenye bei na ulinzi wa serikali kwenye mlango. La pili ni ile simu. Desemba 2023 tume yao ya biashara ilitoa kanuni ya kuwalazimisha mawakala wataje bei kamili mapema, kabla mtu hajafunga safari. Mawakala wakaenda mahakamani, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaitupa, kwa hoja kwamba tume iliruka hatua ya utaratibu. Mtu anayejivunia bei yake anapigania nini haki ya kutoisema kwenye simu?

DALALI WA NGAMIANI

Hapo kwenye simu nakupa mkono. Mimi mteja wa Korogwe namtajia bei kabla hajapanda basi, akifika kabadilishiwa atanitangaza mpaka Lushoto.

Kwenye mlango bado. Tesla wanauza wenyewe, hawana wakala, na karatasi ya pili haipo. Wakafanyaje? Mwaka 2022 walipandisha bei wenyewe mara kadhaa, wateja walipokuwa wengi. Januari 2023 wakazishusha kwa kishindo, na waliolipa Desemba wakabaki wanajiuma vidole. Ziada ni ile ile, imehama mfuko tu. Tofauti ni kwamba kwa wakala unaweza kubishana, na jengo la pili lipo upande wa pili wa mji. Kiwanda utabishana na nani, na kompyuta?

DADA WA FORODHA

Lakini kaka, bei ya Tesla mtu wa Ohio na mtu wa Texas wanaiona sawa, usiku wa manane, wamelala kitandani. Sikusema ni ndogo. Nasema hawaendeshi saa tatu kwenda kuigundua. Mimi nikiwa na mteja anayeagiza, bei kubwa inayojulikana naifanyia hesabu. Bei ndogo inayogeuka njiani ndiyo inayolaza gari bandarini, mtu anatafuta pesa za kujazia ushuru na huku gharama za kuhifadhi zinatembea.

KONDA WA KANGE

Mimi bado nasubiri mtu aniambie kwa nini nibanwe peke yangu.

FUNDI WA MAKORORA

Na mimi nina swali dogo, mnisamehe kwa umbea. Kijana alilipa au hakulipa?

MWENYE MADA

Alibishana nao mpaka jioni, wakashuka hadi 5,000. Akalipa. Kanitumia na video, injini inanguruma kweli, siwezi kusema uongo.

Dada yangu hajamsamehe. Bati za nyumba ya Mikanjuni zilikuwa zinangoja hiyo hiyo elfu tano.