Mjadala: Uzazi, ardhi na uchumi wa Visiwa vyetu

Mkaazi wa Fuoni, Unguja:

Assalaam alaykum. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, ilhali ile ya 2012 ilihesabu 1,303,569. Ni ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo watu huwa maradufu kila baada ya miaka 19 hivi. Nauliza: je, uchumi wetu utaweza kuwatangulia watu hawa, au kila tunachozalisha kitaishia kukatwa vipande vidogo zaidi?

Naanza na lililo mlangoni kwangu. Marehemu babu alikuwa miongoni mwa waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Aliacha watoto wanane, wanne wanaume na wanne wanawake, na kwa kuwa bibi alikuwa ameshatangulia, hesabu ya mirathi ilimpa kila mwanamme nusu eka na kila mwanamke robo. Sisi kwa baba yetu tuko sita. Leo pale palipokuwa na minazi na mihogo pana nyumba tisa za matofali, msingi wa moja umekaribia karo la jirani, na muhogo tunanunua sokoni Mwanakwerekwe. Hakuna aliyekosea katika mgao ule. Ardhi ndiyo isiyozaa.

Mchangiaji wa Wete, Pemba:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Fuoni. Hesabu yako ya mirathi ni sahihi, lakini umeupima uchumi kwa jembe peke yake. Mauritius ni ndogo kuliko Unguja na Pemba kwa pamoja, na ina watu zaidi ya milioni 1.2. Mwaka 1961 mwanauchumi wa Kiingereza, James Meade, aliitabiria dhiki kwa sababu ya wingi wa watu na kutegemea miwa. Mwaka 1970 wakaanzisha eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, wasichana wakaajiriwa kushona nguo, utalii ukafuata, na leo pato lao la mtu mmoja linatupita kwa mbali sana. Kazi ndiyo iliyotangulia. Wazee wa huku hawakuzaa wengi kwa ujinga: karafuu zikiiva mikono haitoshi, na uzeeni mtoto ndiye pensheni. Tena huko kwenu Mjini Magharibi hakukujaa kwa uzazi tu. Sisi Wapemba na ndugu zetu wa Bara tunakuja huko kutafuta kazi za hoteli na ujenzi.

Mkaazi wa Fuoni:

La wahamiaji nalikubali, na ilinipasa kulisema mwenyewe. Kuhusu Mauritius, tarehe zinakupinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamke wa huko alizaa wastani wa watoto karibu 6. Wastani huo ulianza kushuka kabla ya viwanda vyako vya 1970, na kufikia 1980 ulikuwa chini ya 3. Malaria ilikuwa imeshadhibitiwa, kwa hiyo mzazi hakulazimika kuzaa wa akiba. Wasichana walikuwa wakisoma, na huduma za uzazi wa mpango ziliwafikia hata Wakatoliki, kwa njia ambazo dini yao iliziridhia. Viwanda vilipofunguliwa vikawakuta wanawake wanaojua kusoma na wasio na vichanga wengi wa kuacha nyumbani. Sasa wao wana shida nyengine, kwani uzazi umepungua mno na wazee wanaongezeka, lakini hiyo si shida ya kwetu kwa leo. Sisi maambukizi ya malaria tumeyapunguza hadi chini ya asilimia 1 ya watu, na skuli za ghorofa zinajengwa. Kwa nini basi uzazi haushuki kwa mwendo wao? Binti wa Micheweni anayemaliza kidato cha nne, asipate kazi, akaolewa akiwa na miaka 18, atachelewesha kuzaa kwa ajili ya nini?

Mkunga, Kaskazini Pemba:

Kaka zangu, niseme la kituoni. Ukitamka "uzazi wa mpango", mama huangalia mlango, maana mume yuko nje na vespa yake. Ukimuuliza kama angependa kumnyonyesha mtoto miaka miwili kamili, kama Qur'ani ilivyotaja, ndipo anapovuta kiti. Katika miaka yangu ya kazi ni wachache mno walioniuliza wazae watoto wangapi. Wengi huuliza wapumzike muda gani.