Neno "luxury" lilikuwa tusi, leo tunauziwa nalo maji na umeme

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila ninapotazama matangazo ya nyumba za kupangisha hapa Dar es Salaam, kuanzia Masaki na Mikocheni hadi mitaa ambayo barabara zake bado ni za vumbi, nakutana na neno moja la Kiingereza, "luxury", yaani anasa au ufahari, limebandikwa juu ya kila jengo lenye vigae na dari ya jipsamu. Ukimuuliza dalali hiyo luxury ina nini ndani yake, atakutajia maji ya uhakika, jenereta, lifti na mlinzi getini. Nami nauliza: tangu lini maji ya kuogea yakahesabiwa kuwa ziada?

Nyumba ninayoishi ilitangazwa kwa neno hilo hilo. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikalipa na pesa ya dalali, nikahamia. Lifti inafanya kazi kwa hiari yake. Maji hupandishwa alfajiri, na anayechelewa kuamka hukuta bomba likitoa upepo. Jenereta ipo kweli, hakuna aliyedanganya, ila imeunganishwa na taa za korido na geti tu, kwa hiyo umeme ukikatika tunaangaziwa vizuri njia ya kuelekea gizani. Nilipolalamika, msimamizi wa jengo alinijibu kwa upole kabisa kwamba huduma hizo ni za ziada na mwenye nyumba anazitoa kwa ihsani yake. Jibu hilo ndilo lililonifanya nilichunguze neno lenyewe, na nilichokikuta kimenizidishia hasira.

Kilatini kilikuwa na neno "luxus", yaani kupita kiasi, na ndugu yake "luxuria", ambalo lilitumika hata kwa mmea unaostawi kupindukia. Maana hiyo ya mimea haijafa. Kiingereza bado kinasema "luxuriant" kwa msitu mnene au nywele tele. Kanisa la Magharibi lilipopanga orodha ya dhambi saba kuu, "luxuria" likapewa nafasi ya uasherati, na ni kwa maana hiyo neno liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, katika karne ya 14. Ndugu zake wa karibu walijua kutenganisha mambo: Mfaransa ana "luxure" kwa uasherati na "luxe" kwa ufahari, Mtaliano ana "lussuria" na "lusso", Mhispania ana "lujuria" na "lujo". Mwingereza peke yake ndiye aliyebaki na neno moja la kubebea yote mawili, na mzigo ukahama polepole kutoka chumbani kwenda sebuleni.

Wanaosoma tamthilia za Shakespeare bila kulijua hili hupotea. Mzimu wa baba yake Hamlet unapomsihi mwanawe asikubali kitanda cha kifalme cha Denmark kigeuzwe kitanda cha "luxury", hauzungumzii shuka za hariri wala godoro la gharama. Unazungumzia zinaa, na zinaa ya mke wake na ndugu yake mwenyewe. Malcolm naye, katika tamthilia ya Macbeth, anapomhesabia mfalme Macbeth maovu yake, anaweka "luxurious" katikati ya umwagaji damu na uroho wa mali. Hata mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake maarufu, uasherati ulikuwa bado umo miongoni mwa maana za neno hilo. Ndiyo kusema kwamba bango linalotangaza fleti za luxury, kama lingesimikwa London ya mwaka 1600, lingeeleweka kuwa tangazo la danguro.

Sitaki nieleweke vibaya. Silalamiki kwamba neno limebadilika, maana maneno yote hubadilika, na yule anayedai kwamba maana ya kweli ya neno ni ile ya Kilatini anapaswa kuachwa azungumze na Warumi. Ninacholalamikia ni mahali palipofutwa mpaka. Neno hilo lilipokuwa lawama, lilikuwa na kiwango ndani yake: ili useme mtu amezidisha, ilibidi kwanza mkubaliane kiasi ni kipi. Tazameni sheria ya Uingereza ya mwaka 1363, enzi za Mfalme Edward III. Ilikuwa sheria ya kibaguzi isiyo na haya, iliyokusudia kumzuia mtu wa chini asivae kama bwana wake, nami siitetei hata kidogo. Lakini angalau ilisema kitu kinachopimika: wakulima, wachungaji na waendesha mikokoteni wasiokuwa na mali ya shilingi 40 wasivae ila kitambaa duni cha sufu, cha thamani isiyozidi peni 12. Sheria za namna hiyo zilikuja na kuondoka hadi zilipofutwa mwaka 1604, na kwa muda wote huo kupita kiasi kulikuwa na kipimo cha kitambaa, rangi na bei. Nimeupekua mkataba wangu wa kupanga ukurasa hadi ukurasa, na neno "luxury" halimo. Linapatikana kwenye tangazo, kwenye bango la nje na kwenye mdomo wa dalali, lakini kwenye karatasi niliyotia sahihi limo "jengo la makazi" tu. Neno linalopandisha kodi limewekwa mahali ambapo halimfungi mtu yeyote.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mmoja wa watu wa kwanza kuitetea ziada kwa maandishi katika Kiingereza alikuwa mjenzi wa nyumba. Anaitwa Nicholas Barbon, tabibu kwa elimu, aliyetajirika kwa kujenga London baada ya Moto Mkuu wa mwaka 1666. Mwaka 1690 alichapisha kitabu kidogo kuhusu biashara, akasema kwamba matamanio ya akili hayana mwisho, na kwamba mitindo inayobadilika kila mara ndiyo roho ya biashara, kwa kuwa humfanya mtu anunue nguo mpya kabla ya ile ya zamani kuchakaa. Huyo huyo Barbon, alipoanza kujenga mtaa wa Red Lion Square huko London mwaka 1684, alipambana na mawakili wa chama cha Gray's Inn waliopinga ujenzi huo, hadi matofali yakarushwa. Inasimuliwa pia kwamba aliacha wosia wa kuagiza madeni yake yasilipwe. Sisemi wajenzi wote wa mjini wana damu ya Barbon, ila niliposoma habari za wosia huo nilizikumbuka amana za wapangaji ninaowafahamu, ambazo hazijarudi mpaka leo.

Baada ya Barbon njia ilikuwa imefunguka. Bernard Mandeville, daktari mwingine, alitoa mwaka 1714 kitabu chake cha nyuki wanaofilisika siku wanapoamua kuwa waadilifu, akidai kwamba anasa za matajiri ndizo zinazowapa maskini kazi. Mwaka 1723 baraza la mahakama la Middlesex likakitaja kitabu hicho kuwa kero kwa umma. Kufikia mwaka 1752 mwanafalsafa David Hume aliweza kuandika insha nzima kuhusu luxury, akaeleza kwa utulivu kwamba neno hilo linaweza kuchukuliwa kwa wema au kwa ubaya, na baadaye akaibadilisha jina insha hiyo ili iwe ya ustaarabu wa sanaa. Tusi likavuliwa magwanda yake pole pole na watu wenye akili nyingi, kila mmoja akiwa na hoja yake, na hoja zao nyingine zina uzito.

Anayestahili kusomwa kwa makini zaidi, hasa na wenye nyumba wa mjini, ni mwanauchumi Adam Smith. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alipofika kwenye suala la kodi za serikali ilimlazimu aeleze kitu cha lazima ni kipi na cha luxury ni kipi. Akasema cha lazima si kile tu kinachozuia mtu asife, bali pia kile ambacho desturi ya nchi imefanya iwe aibu kwa mtu mwenye heshima zake, hata wa tabaka la chini kabisa, kukikosa. Mfano wake ulikuwa shati la kitani. Wagiriki na Warumi waliishi vizuri bila kitani, lakini katika Ulaya ya siku zake kibarua mwenye heshima angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo, kwa hiyo lilikuwa la lazima. Na nchini Uingereza viatu vya ngozi vilikuwa vimefikia daraja hiyo hiyo. Vyote vilivyobaki aliviita luxury, akaongeza kwamba hamlaumu mtu yeyote anayevitumia kwa kiasi.

Sasa chukueni kipimo hicho mkilete kwenye jengo la ghorofa nane. Mtu wa ghorofa ya saba asiye na lifti, mwenye mzazi anayetembelea fimbo au mtoto mgongoni, amekosa shati la kitani. Mtu anayekwenda kazini bila kuoga kwa kuwa pampu haikuwashwa amekosa shati la kitani. Kwa kipimo cha mtu anayeheshimiwa kuwa baba wa uchumi wa soko, hivyo ni vitu vya lazima, na anayevitoza bei ya ziada anatutoza kwa kutuondolea aibu ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeisababisha.

Wala msidhani mchezo huu wa kusukuma kitu cha lazima upande wa ziada uko kwenye nyumba pekee. Uingereza ilipoanzisha kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1973, taulo za kike zilitozwa kama bidhaa isiyo ya lazima. Ikabidi wanawake wapige kelele kwa miongo kadhaa, kiwango kikashushwa hadi asilimia 5 mwaka 2001, na kodi hiyo ikaondolewa tarehe 1 Januari 2021. Kenya ilikuwa imekwisha kuiondoa tangu mwaka 2004. Sisi Tanzania tuliiondoa mwaka 2018 tukairudisha mwaka 2019, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Msimamo wangu ni kwamba bei isiposhuka, anayepaswa kubanwa ni yule aliyeimeza nafuu hiyo, na si binti aliyenyimwa.

Kuna jambo jingine ninalotaka wadau walijadili kwa uaminifu. Kwa nini hakuna tangazo hata moja linalosema "nyumba ya anasa"? Kiswahili kina neno hilo, na kila mtu analielewa. Halitumiki kwa sababu bado lina lawama. Mpenda anasa ni mtu wa kunyooshewa kidole na wazazi wa binti aliyekwenda kumposa. Waandishi wa matangazo wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wakitaka Kiswahili hukimbilia "ya kifahari", na wakitaka bei kubwa zaidi hukimbilia Kiingereza, ambako neno limekwisha kuoshwa na halidai maelezo. Wenye mabasi ya mikoani nao wamelichukua hivyo hivyo, hadi kiti kisichovunjika kikawa na daraja lake na nauli yake.

Najua nitakayojibiwa hapa chini. Nitaambiwa nina wivu, nitaambiwa nihamie kwenye vyumba vya uani, nitaambiwa soko ni huru. Kwa wa kwanza, siwezi kumwonea wivu mtu kwa pampu ambayo ninailipia mimi. Kwa wa pili, mpangaji wa chumba cha uani naye anastahili maji, na hoja yangu inamhusu yeye kuliko inavyonihusu mimi, kwa sababu kadiri maji yanavyozoeleka kuitwa luxury huku juu, ndivyo kule chini yatakavyoonekana kuwa si haki ya mtu. Kwa wa tatu, soko huru linahitaji mnunuzi ajue anachonunua.

Kwa hiyo madalali na wenye nyumba mliomo humu jukwaani, nawaomba jambo linalowezekana kesho asubuhi. Kwenye tangazo lenu linalofuata, andikeni maji hupanda ghorofani kwa saa ngapi kwa siku, jenereta inawasha nini na nini ndani ya nyumba, lifti ilikaguliwa lini kwa mara ya mwisho, na ada ya huduma inalipia kitu gani hasa. Kisha yaandikeni hayo hayo kwenye mkataba. Mkishamaliza, kama bado pana nafasi ya kuandika luxury, andikeni, nami nitakuja kuiona nyumba hiyo.