Mzee akiweweseka baada ya upasuaji: tulaumu presha au saa za kuona wagonjwa?

Mbukwenyi wakuu. Bibi yangu wa Mpwapwa, miaka 76, alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji hapa Dodoma mjini. Siku ya kwanza tuliongea naye vizuri tu. Usiku wa pili akang'oa dripu, akawa anafukuza mbuzi wasiokuwepo, na mama yangu akawa anamwita kwa jina la mdogo wake bibi aliyefariki zamani. Kulipokucha shangazi keshaamua: "Huyu apelekwe Mirembe," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Binamu yangu yeye akashikilia kwamba walizembea theata, presha ikashuka, ubongo ukakosa damu.

Kwa shangazi sikubali hata kidogo. Ule si ukichaa. Wazee wengi hupatwa na hali hiyo baada ya upasuaji, hasa wa nyonga: huanza ghafla, usiku huzidi, mchana hutulia, na wengi hurudiwa na akili zao baada ya siku chache. Huchochewa na maumivu, maambukizi, kukosa usingizi, kupungukiwa maji, hata dawa za kutuliza kama diazepamu.

Hoja ya binamu ina uzito. Mtu aliyeishi na presha ya kupanda miaka mingi, ubongo wake umezoea msukumo mkubwa. Kinachomtosha kijana chaweza kumpungukia yeye. Lakini tusikimbilie kuwashtaki watu wa dawa za usingizi theata. Utafiti wa kimataifa wa POISE-3 ulilinganisha wagonjwa ambao wastani wa presha yao theata (si namba ya juu ya kipimo cha kawaida) ulilengwa usishuke chini ya 80, na wengine usishuke chini ya 60. Kwa waliofuatiliwa kuhusu kuchanganyikiwa, makundi hayo hayakutofautiana.

Mimi naona tatizo letu liko wodini. Saa za kuona wagonjwa zikiisha tulitolewa wote, bibi akabaki na mpira wa mkojo, taa zinawaka usiku kucha, watu asiowajua wanamsemesha Kiswahili cha haraka haraka. Mama aliporuhusiwa kulala naye, akamvalisha miwani yake, akamnywesha maji, akamsemesha Kigogo na kumkumbusha yuko wapi, bibi alianza kutulia.

Najua wodi zimejaa. Naomba ndugu mmoja tu, anawe mikono, akae siku mbili tatu za mwanzo na mgonjwa aliyevuka miaka 65. Manesi mliomo humu, hilo linakwama wapi?